Utando wa Katikati na Dume Aliyeitwa Meja

Nilizaliwa Ramadhani, lakini mkija Tabora mkauliza nyumba ya Ramadhani mtaonyeshwa nyumba nyingi mpaka mchoke. Ulizeni Rama Utumbo. Hilo jina nilipewa machinjioni, na sijawahi kulionea haya, maana utumbo ndio ulionilisha, ukaniezekea nyumba bati, na ukanipa mke. Habari ya mke nitaifikia, msiniharakishe.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya nyama. Nasikia mmoja wenu akipangiwa upande wa matumbo ananuna kama aliyehukumiwa kifungo. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kisha baba akanirudisha Kwihara kuchunga mbuzi, kwa hiyo msitegemee maneno yaliyonyooka. Naandika kama ninavyosema, na nikisema huwa napinda kona.

Ng'ombe akishachunwa na kupasuliwa, mtu mgeni anaona fujo. Kuna tumbo la taulo, kuna tumbo la kitabu, kuna utumbo mwembamba usio na mwisho. Lakini mle ndani hakuna fujo hata kidogo. Utumbo haukurundikwa kama kamba kwenye gunia. Umeshikwa. Kuna utando mpana, laini, unatoka mgongoni kwa ndani, unakuja kuushika utumbo wote ukingoni, kama kanga uliyoikusanya upindo wake mkononi. Ndani ya utando huo ndimo inamopita mishipa ya damu, na humo zimo tezi, zimejipanga kama karanga ndani ya ganda. Sisi wa zamani tuliuita utando basi, tukawatupia korongo wale wenye vipara waliokuwa wanatusubiri ukutani kama wazee wa baraza.

Aliyenifundisha jina la utando huo ni Bwana Mwinshehe. Huyu alikuwa Bwana Afya, mkaguzi wetu wa nyama, Mzaramo wa Kisarawe. Aliletwa Tabora baada ya uhuru, Mzungu aliyekuwapo alipofungasha. Mfupi, koti jeupe, buti za mpira, na kisu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata kukisifia kwa karibu.

Siku ya kwanza nilitaka kumfurahisha. Nikautoa utumbo, nikaukata ule utando wote, nikausuuza utumbo kwa maji mengi mpaka ukawa mweupe. Nikauweka mbele yake.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimeosha, bwana. Safi kama sahani."

"Nani kakwambia nimekuja kula? Nimekuja kusoma. Wewe Mnyamwezi umenifutia ubao kabla mwalimu hajaingia."

Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akaangusha kwato. Mimi sikucheka siku hiyo. Lakini kuanzia hapo alinisimamisha pembeni yake kila asubuhi, na nikajua kusoma kwenye ubao huo, mimi ambaye ubao wa shule ulinishinda.

Shikeni hili basi. Maji yasiguse kitu mpaka mkaguzi amalize. Utando usiukate. Ushike pale penye shina, karibu na mgongo, uutandaze dhidi ya mwanga. Ukiwa mzima, jua linapita na unaiona mishipa kama mito kwenye ramani. Halafu pitisha tezi moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Tezi nzima ni laini, ina unyevu, kama harage lililochemshwa. Ukikuta iliyovimba, ipasue kwa urefu wake. Kisu kikipita kimya, vizuri. Kisu kikikwaruza kama kimekanyaga mchanga, simama hapo hapo. Mwite mkubwa wako. Na usipitishe mkono huo mdomoni, wala usiwashe sigara.

Bwana Mwinshehe alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa maneno. Mesenteri, aliniambia, ni neno la Wagiriki. Meso ni katikati, hilo lingine ni utumbo. Kitu kilichoko katikati ya utumbo. Nikamwuliza, Wagiriki hawa ndio kina nani, ni wale wenye mashamba ya tumbaku? Akasema ndio hao hao, ila babu zao wa zamani sana. Sikumwamini. Mjini palikuwa na Mgiriki mmoja fundi wa malori, mikono myeusi kwa oili. Nikamfuata gereji nikamwuliza meso ni nini. Akanitazama, akaweka spana chini, akajipiga kiunoni kwa mikono miwili. "Hapa," akasema. "Katikati ya mtu." Nikarudi kazini nimeridhika.

Baada ya hapo ikawa mchezo wetu. Tukila embe wakati wa mapumziko, ananionyesha: ganda la nje, kokwa la ndani, na ile nyama tamu ya katikati ndiyo mesokapi. Jani la mti lina ngozi ya juu na ngozi ya chini, na ujani wenyewe wa katikati unaopika chakula cha mti ni mesofili. Hata ubongo una sehemu yake ya kati inayoanza na meso, jina refu kama treni ya Kigoma, hilo nimelisahau. Siku moja kuku wa jirani aliacha mayai aliyokuwa anaatamia, Bwana Mwinshehe akavunja moja juu ya sahani, akaniambia kiumbe kikianza tumboni huwa na matabaka matatu. La juu linatoa ngozi na ubongo. La ndani linatoa njia ya chakula. La katikati, mesodemu, ndilo linatoa nyama, mifupa, moyo na damu.

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, "Kwa hiyo buchani tunauza katikati tupu."

Akacheka, akasema, "Na wewe umekaa katikati ya nchi, babu zako walikaa katikati ya njia ya Bagamoyo na Ujiji, wakawalisha wapagazi wa huku na huku. Bila Tabora msafara ungekuwa matumbo yaliyomwagika."

Hilo nalipenda mpaka leo. Ukimsikia daktari anataja neno la kutisha linaloanza na meso, usitetemeke. Kwanza jua anasema kitu kipo katikati. Halafu muulize, katikati ya nini na nini.

Sasa mke.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu walikuwa wanahamia pamoja. Upande wa Lusu, Nzega, kikaanzishwa kijiji kimoja wenyewe wakakiita Mwamko. Huko alihamia Mzee Maganga na ng'ombe wake. Mzee Maganga alikuwa ametumikia jeshi la Mwingereza, na alitembea kama bado analitumikia. Pia alikuwa anapasua kuku. Mnajua kwetu: mtu ana safari, au mvua imechelewa, kuku anapasuliwa na mzee anayejua anasoma ndani yake. Yeye alijua. Alikuwa na binti aitwaye Nyamizi, aliyekuja Tabora kumuuguza shangazi yake na kununua utumbo kwangu kila Ijumaa. Niliupima utumbo wake vizuri sana, nadhani mnanielewa. Posa ikapelekwa, ikakubaliwa, ndoa ikasubiri mavuno.

Kumbe kijijini kuna maneno. Watu wanasema Maganga amekuja ujamaa kwa miguu tu, moyo kauacha kwa ng'ombe wake. Mzee akasikia. Ilipotangazwa kwamba mgeni wa wilaya atakuja kutazama shamba la pamoja, akasimama mkutanoni akatoa dume lake bora liliwe na kijiji kizima. Dume jekundu, baka jeupe usoni, shingo kama kinu. Alimwita Meja. Hakuna aliyesema neno tena.

Kwa kuwa mgeni atakula, mwenyekiti wa kijiji akaomba Bwana Afya. Bwana Mwinshehe akanichukua mimi kama mkono wake. Tukapanda lori la mbegu, tukafika jioni, asubuhi tukaonyeshwa Meja. Dume akakohoa.

"Vumbi," akasema Mzee Maganga.

Bwana Mwinshehe akamzunguka dume. "Tutamwuliza yeye mwenyewe ndani," akasema.

Meja akachinjwa. Akina mama walikuwa wamekwisha injika masufuria, watoto wamekaa mstari kwenye nyasi, macho kwenye nyama. Miaka ile mtoto wa kijijini hakuiona nyama kila wiki. Bwana Mwinshehe akashika kichwa na kifua, mimi nikashika upande wangu. Nikaingiza mkono, nikaupata utando penye shina, nikaanza kupitisha vidole.

Vijana, tezi ya kwanza ilikuwa kama yai la kanga. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Ngumu.

"Rama," akaita Bwana Mwinshehe kutoka kule kifuani, bila kuinua kichwa, "kwako kukoje?"

Kijiji kizima kikageuka kunisikiliza.

Ninyi wa siku hizi mnakaa na baba mkwe mnatazama mpira pamoja. Sisi mkwe hutazamwi usoni. Huketi alipoketi, hupiti mbele yake na kofia, na kitu chake hukitii dosari mbele za watu. Nikisema Meja ni mgonjwa, nimemwambia mkwe wangu mbele ya kijiji kizima kwamba ametoa uozo, na wale waliomsema watakuwa wamepata walichokuwa wanakitafuta. Basi Nyamizi nitamsikia kwa watu. Nikisema Meja ni mzima, wale watoto wa kwenye nyasi watakula. Nilimwona Nyamizi kwenye masufuria, mwiko mkononi. Alikuwa ananitazama mimi, hautazami moto.

Sikusema mzima. Sikusema mgonjwa. Niliutoa utumbo wote na utando wake, mzigo mzito, nikaupeleka pale alipoketi Mzee Maganga. Nikautandaza juu ya ngozi mbichi miguuni pake, kama anavyotandaziwa kuku. Nikaweka kisu changu pembeni, mpini ukimwelekea yeye. Nikarudi nyuma, macho chini.

Halafu nikasikia goti lake likilia, ameinama. Alianza kwenye shina, hakuna aliyemwonyesha. Akabonyeza tezi kwa kidole gumba. Akachukua kisu, akapasua. Pale nilipokuwa nimesimama nilikisikia kisu kikikwaruza, kama mtu anatembea kwenye changarawe. Ndani mlikuwa na usaha mzito wa njano, mkavu kama jibini.

Bwana Mwinshehe akaja na yeye akiwa ameshika kipande cha ukuta wa kifua. Ndani ya kifua cha ng'ombe kuna utando mwingine mwembamba unaong'aa. Wa Meja ulikuwa na vinundu vimeshikana kama shanga. "Ni kifua kikuu," akasema. "Kimeshika utumbo, kimeshika ini, kifuani ameshavaa shanga. Hakuna kipande cha kuokoa."

Mwenyekiti akaja mbio. "Bwana Afya, si ipikwe sana? Mgeni yuko njiani."

"Hailiwi, ndugu mwenyekiti."

"Watu wamekula wabaya kuliko huyu."

"Na wengine wamezikwa. Hailiwi."

Watu wakaanza kunong'ona, na mnong'ono wenyewe ulikuwa ule ule wa zamani: Maganga. Mzee alikuwa amesimama wima, kisu mkononi, uso kama jiwe. Nilijua sasa atasema nini. Atasema posa irudishwe.

Hapo Bwana Mwinshehe akafanya jambo ambalo kwenye vitabu vyake halimo. Akavua kofia. Akajifunga gunia la mbegu kiunoni kama mwanamke wa msibani. Akaanza kulia kwa sauti.

"Meja wangu! Umekwenda Meja, umeniacha na nani? Nani atakayenikoholea usiku huko zizini?"

Watu wakashangaa. Mtu wa serikali huyu, koti jeupe. Halafu bibi mmoja akaguna, akasema, "Si Mzaramo huyu?" Na hapo kijiji kikakumbuka. Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo. Mtani ndiye anayezika, na hulipwa jogoo. Mtani ndiye anayemtukana marehemu na wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Neno ambalo mkwe halithubutu, mtani analiimba.

Mzee Maganga akamgeukia polepole. "Nani kakuruhusu wewe mla papa kumlilia ng'ombe wangu?"

"Na wewe mla michembe ya viazi vikavu, ulitaka utumalize wote ubaki kwenye ujamaa peke yako?"

"Ningekubakisha wewe, uchimbe choo."

"Nitachimba kaburi kwanza. Na jogoo wangu wa kuzikia nataka aliyenona, asiyekohoa."

Kicheko kikaanzia kwa wazee, kikaenda kwa akina mama, mwisho kikamfikia Mzee Maganga mwenyewe kwenye pembe ya mdomo. Akainua ule utando kwa mikono miwili, mzee yule, nguvu sijui alizipata wapi. "Nilitoa dume nikijua ni zima," akawaambia. "Sasa nimesoma mwenyewe. Anayesema Maganga kauficha ubovu wa ng'ombe wake aje ashike." Hakwenda mtu. "Jembe," akasema. Na akalipiga la kwanza yeye.

Shimo likaenda chini mpaka mtu akazama mabega. Meja akawekwa, akamwagiwa mafuta ya taa asije mtu au fisi akamfukua. Bwana Mwinshehe akawapanga vijana wa kijiji na majembe begani, kwani alisema meja hazikwi kama raia. Wakapiga saluti. Ni saa hiyo hiyo mgeni wa wilaya akafika. Akashuka kwenye gari, akaona umati, majembe, saluti, mtu analia. Akavua kofia yake, akasimama kimya na sisi kwa adabu kubwa. Kisha akamnong'oneza mwenyekiti, "Marehemu alikuwa nani?"

Mwenyekiti jasho likamtoka. Akajibu Bwana Mwinshehe: "Meja, ndugu mgeni. Ametangulia kwa faida ya taifa."

Alipoelezwa alicheka mpaka akashika gari. Mchana akala ugali na nsansa, mboga ya majani makavu iliyoungwa karanga, kama sisi, akaongeza. Bwana Mwinshehe akawaeleza watu wachemshe maziwa, hasa ya watoto, na waliokuwa na kikohozi kisichoisha waende kupimwa. Ng'ombe wengine wa Mzee Maganga wakatengwa wapimwe. Mzee hakubisha. Wa kwanza kuchemsha maziwa kijijini alikuwa Nyamizi.

Mimi nilikula nikiwa nimeupa umati mgongo, nasubiri hukumu yangu. Wakati lori linaunguruma, mshenga wa posa yangu akanifuata. "Mzee anasema hivi," akaniambia. "Wakwe wanaosema sana anao. Hajawahi kupata anayejua kunyamaza kwa mdomo na kusema kwa mikono. Anasema umempa nafasi ya kusoma mwenyewe mbele ya watu wake. Mavuno yakiisha, njoo. Ila kuna sharti."

Sharti lilikuwa hili. Siku ya ndoa yangu lilichinjwa dume jingine, na kabla masufuria hayajainjikwa, Mzee Maganga alitaka bwana harusi, kanzu na kilemba vikiwa bado vinanukia udi, autandaze utando mbele yake. Nikakunja mikono ya kanzu nikautandaza. Akausoma kuanzia kwenye shina. Akaitikia kwa kichwa, na ndipo watu wakala. Bwana Mwinshehe alikuwapo, akadai jogoo hata hapo, eti alikuwa amejiandaa kuzika.

Tangu siku hiyo imekuwa desturi ya ukoo wetu. Hakuna ng'ombe wa ndoa anayeliwa kwetu kabla bwana harusi hajautandaza utando wake mwangani. Mabwana harusi wengine wametapika. Mmoja alikimbia, lakini alirudi, na ndiye mkwe wangu mzuri kuliko wote.

Hivi karibuni mjukuu wetu aliolewa na kijana wa Dar es Salaam, anatengeneza mambo ya kompyuta. Mkaguzi wa siku hizi alikuwapo na glavu zake na mhuri wake, alikwisha maliza kazi, nyama imepita. Lakini ukoo ni ukoo. Kijana akavua koti, akatazama ule mzigo, akanitazama.

"Babu, nashika wapi?"

"Penye shina," nikamwambia. "Shika katikati, vingine vyote vitakufuata."

Akauinua, akauelekeza kwenye jua. Nyamizi, ambaye macho yake siku hizi yana ukungu, akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Kukoje huko?"

Kijana akanigeukia. Nikatazama chini. Hapo si mimi wa kusema. Akageuka tena kwenye utando, akausogelea, akapitisha vidole kwenye tezi moja, nyingine, nyingine, bila kuruka. Watoto walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wanasubiri.

"Safi, bibi," akasema. "Jua linapita lote. Nakuona mpaka wewe ulipokaa."